Soseji ya nyumbani: Nyama, mafuta na barafu katika joto la mwambao

SOSEJI ni kitoweo kilichokwisha kuzoeleka katika meza za kifungua kinywa mijini, lakini ni wachache miongoni mwa walaji wake wanaofahamu kwamba aina iliyo rahisi kuliko zote, yaani soseji mbichi isiyokaushwa wala kutiwa dawa ya kuhifadhi, inaweza kutengenezwa katika jiko la nyumbani kwa muda usiozidi saa mbili.

Aina hiyo hutengenezwa kwa nyama iliyosagwa, mafuta, chumvi na viungo, hukaangwa ikiwa mbichi na huliwa siku ileile au kesho yake. Huko Marekani na Uingereza, ambako ndiko ilikozoeleka zaidi wakati wa asubuhi, kwa kawaida hutokana na nyama ya nguruwe. Jambo hilo peke yake linatosha kuifanya isifae kwa wakazi wengi wa mwambao wa Tanzania, ambao ni Waislamu.

Hata hivyo, nguruwe si sharti la soseji. Watu wa Afrika ya Kaskazini wana merguez, soseji nyembamba na kali ya nyama ya kondoo au ng'ombe. Afrika Kusini wana boerewors, yenye harufu ya giligilani, ambayo kanuni za nchi hiyo zinataka iwe na nyama isiyopungua asilimia 90 na mafuta yasiyozidi asilimia 30. Karibu zaidi na hapa, nchini Kenya, ipo mutura ya Wakikuyu, inayochomwa juu ya makaa katika mitaa ya Nairobi kila jioni. Hiyo nayo mara nyingi hutiwa damu, hivyo Muislamu hawezi kuila.

Kwa upande wa Kilwa, historia ya soseji ni ya ajabu kidogo. Wajerumani, ambao kwao soseji ni kama ugali kwa Mtanzania, waliweka boma lao Kilwa Kivinje na kukaa nchini hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waliacha neno "shule" katika lugha ya Kiswahili, lakini si neno la chakula chao wanachokipenda. Soseji ilikuja baadaye kwa jina la Kiingereza, na kwa miaka mingi ilibaki kuwa chakula cha hoteli na cha wenye friji.

Nyama ilivyofika Tingi

Tingi, katika Wilaya ya Kilwa, ni makazi yaliyo kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, zaidi ya kilomita 200 kutoka Dar es Salaam, mahali inapochepuka barabara ya kwenda Kipatimu. Msafiri anayetaka kuelewa kwa nini soseji ya nyumbani ni suala la maana katika mwambao huu anaweza kuanzia hapo.

Nyama ya ng'ombe haikuwa chakula cha kawaida cha sehemu hizi. Misitu ya Kilwa ina mbung'o, na mbung'o huambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana, hivyo wakazi walitegemea samaki, pweza, kuku na mbuzi wachache. Ng'ombe aliletwa kwa shughuli maalumu kama vile harusi au sikukuu.

Hali hiyo ilibadilika katika miaka ya 2000. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji, na safari ya Dar es Salaam hadi Kilwa ikaacha kutegemea kivuko. Mwaka uliofuata gesi asilia ya Songo Songo ilianza kusafirishwa kwa bomba kupitia Somanga Fungu kwenda Dar es Salaam, na baadaye mitambo ya umeme ikajengwa hapohapo Somanga kwa ajili ya wilaya zenyewe. Kisha, kati ya mwaka 2006 na 2007, serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ili kunusuru maji ya Mto Ruaha Mkuu, na wengi wao wakaelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi. Walikuja na makundi ya ng'ombe. Ujio huo ulizaa migogoro ya ardhi na wakulima ambayo ni habari nyingine na nzito zaidi, lakini kwa mpishi matokeo yake ni dhahiri: nyama ya ng'ombe ikaacha kuwa kitu cha kungojea harusi.

Soseji za kiwandani nazo husafiri kwa barabara hiyohiyo, zikiwa zimegandishwa, kutoka Dar es Salaam. Safari hiyo ndiyo udhaifu wake. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu katika maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Hata pasipo kimbunga, umeme hukatika, friji ya duka huyeyusha barafu mchana na kuigandisha tena usiku, na mnunuzi haambiwi.

Dalili zipo kwa anayezitafuta. Pakiti ya soseji iliyokwisha kuyeyuka na kugandishwa upya huwa na theluji nyingi ndani ya mfuko, soseji zake hushikamana kuwa bonge moja, na maji yake huganda upande mmoja wa pakiti yakiwa na rangi ya wekundu hafifu. Pakiti ya namna hiyo ni bora iachwe dukani, hata kama tarehe iliyochapishwa juu yake bado haijafika.

Mpishi anayenunua nyama iliyochinjwa alfajiri na kuifanya soseji asubuhi hiyohiyo anajua nyama yake ilikotoka, nani kaichinja na imekaa nje kwa muda gani. Faida hiyo ni kubwa. Lakini ina upande wa pili, ambao vitabu vingi vya mapishi vilivyoandikwa katika nchi za baridi huupitia haraka: joto la mwambao linaweza kuigeuza nyama iliyosagwa kuwa sumu kabla ya adhuhuri.

Nyama nzima na nyama ya kusaga

Katika pande la nyama, vijidudu huwa juu, pale kisu, mikono na nzi walipogusa. Moto wa kikaango huwaua kwa urahisi, na ndiyo maana mtu anaweza kula steki ambayo katikati yake bado ni nyekundu bila kupata madhara mara nyingi.

Nyama ikisagwa, ule upande wa nje husambazwa ndani yote. Kijidudu kilichokuwa juu ya pande sasa kimo katikati ya donge, mbali na moto, na kimezungukwa na unyevu na chakula. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba vijidudu huongezeka kwa kasi chakula kinapokuwa katika joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na linashauri chakula kinachoharibika upesi kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Wataalamu wa Marekani hupunguza muda huo hadi saa moja hewa ikizidi nyuzi 32. Mtu yeyote aliyewahi kukaa Kilwa mwezi Februari anajua kwamba ni hiyo saa moja inayomhusu.

Kwa sababu hiyo, katika mwambao wa Lindi kitu cha kwanza kutafutwa si nyama wala viungo, bali ni barafu.

Barafu si tatizo kubwa katika pwani ya wavuvi. Wachuuzi wanaopeleka samaki na pweza Dar es Salaam hawasafiri bila barafu, na katika nyumba zenye friji huuzwa barafu za mifuko kwa ajili ya maji ya kunywa. Isipokuwa mpishi atofautishe barafu mbili hizo. Ile ya masanduku ya samaki inafaa kuzungushiwa sufuria kwa nje tu. Ile itakayoingia ndani ya nyama lazima iwe imetokana na maji yaliyochemshwa.

Kuchagua nyama na mafuta

Nyama inunuliwe asubuhi, katika bucha ambayo nyama yake ina muhuri wa mkaguzi. Muhuri huo si pambo. Mwaka 2007, wakati homa ya Bonde la Ufa ilipozuka nchini na kuua watu zaidi ya 100, wananchi walikumbushwa kwa uchungu nini maana ya kula nyama ya mnyama aliyechinjwa vichochoroni bila kukaguliwa. Mkaguzi pia hutafuta malengelenge yenye lava wa minyoo ya tegu ndani ya misuli, ambayo huonekana kama punje nyeupe na humwingia mtu anayekula nyama isiyoiva.

Kosa kubwa la wanaojaribu kutengeneza soseji kwa mara ya kwanza ni kununua steki, kwa kudhani kwamba nyama ghali ndiyo itakayotoa soseji nzuri. Steki haina mafuta, na soseji isiyo na mafuta ni kama kokoto: hukauka kikaangoni na kuvunjikavunjika mdomoni.

Soseji nzuri huhitaji mafuta kiasi cha robo ya uzito wake wote. Ng'ombe wa asili anayelishwa porini ni mkonda, kwa hiyo mafuta lazima yaongezwe kwa makusudi. Sehemu zinazofaa zaidi ni kidari na nundu. Nundu hasa ni zawadi ya ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa mtengeneza soseji, kwa kuwa mafuta yake yamepenya katikati ya nyama na hayajakaa pembeni kama gamba. Kipimo cha bucha kinatosheleza: robo tatu kilo ya nyama ya kidari, nundu au bega, na robo kilo ya mafuta meupe, yaliyo magumu.

Mafuta yanayozunguka figo yaachwe kwa ajili ya matumizi mengine. Huyeyuka kwa joto la juu mno na huacha utando kama wa mshumaa katika kaakaa. Ni kweli kwamba mafuta yote ya ng'ombe yana tabia hiyo kwa kiasi fulani, na hii ndiyo tofauti yake halisi na soseji ya nguruwe. Dawa yake ni moja: soseji ya ng'ombe huliwa ikiwa ya moto.

Chumvi, viungo na kusaga

Kwa kilo moja ya mchanganyiko hutosha gramu 15 za chumvi laini, yaani vijiko vya chai viwili na nusu vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu. Chumvi ina kazi mbili. Ya kwanza ni ladha, na ya pili, ambayo watu wengi hawaijui, ni kuyeyusha protini ya misuli ili igeuke kuwa gundi inayoshikanisha nyama na mafuta. Ndiyo sababu soseji ya kweli haihitaji yai, mkate wala unga wa ngano. Vitu hivyo, pamoja na maji mengi na soya, huongezwa viwandani ili kupunguza gharama, na ndivyo vinavyoipa soseji nyingi za pakiti ule ulaini wake wa sifongo.

Viungo ni hiari ya mpishi. Wazungu hutumia majani ya seji, ambayo hayapatikani kirahisi Kilwa wala Kariakoo. Hakuna hasara. Mchanganyiko unaokubaliana na nyama ya ng'ombe ni kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga iliyotwangwa wakati huohuo, viwili vya giligilani iliyokaangwa kavu na kutwangwa, nusu kijiko cha bizari nyembamba, kungumanga kidogo iliyoparuzwa, punje nne za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi mbichi chenye ukubwa wa kidole gumba. Kijiko kimoja cha sukari husaidia soseji kupata rangi ya hudhurungi. Anayependa ukali ataongeza pilipili mbuzi. Anayetia mdalasini, karafuu na hiliki kwa pamoja ajue kwamba anatengeneza pilau.

Vitunguu maji vibichi havifai, kwani hutoa maji na kuharakisha kuchacha.

Nyama na mafuta vikatwe vipande vidogo, visambazwe katika sinia na kuwekwa mahali pa kugandishia katika friji kwa nusu saa, hadi vianze kuwa vigumu kwa nje bila kuganda kabisa. Asiye na friji aweke sufuria yenye vipande hivyo ndani ya beseni lililojaa barafu na chumvi ya mawe, afunike kwa taulo, na kungoja muda mrefu kidogo. Chumvi iliyochanganywa na barafu hushusha baridi yake chini ya sifuri, ujanja uleule uliotumiwa na watengeneza aiskrimu wa zamani. Vyuma vya mashine navyo viwekwe kwenye baridi.

Mashine ya mkono, ile inayobanwa pembeni mwa meza, inatosha kabisa. Nyama ipite mara moja katika sahani yenye matundu makubwa, ikiwa imekwisha kuchanganywa na chumvi na viungo. Mafuta yakionekana kutoka kama vipande vyeupe vilivyo wazi, kazi inakwenda vizuri. Yakitoka kama uji wa pinki, joto limeingia na kazi isimamishwe hadi vyombo vipoe. Mafuta yaliyokwisha kuyeyuka hayarudi. Soseji yake itachuja mafuta yote kikaangoni na kubaki ganda.

Wasio na mashine wanaweza kukatakata nyama kwa visu viwili juu ya ubao, au kuitwanga kidogo kidogo katika kinu, kama inavyotwangwa ya kababu. Kinu hutoa soseji nzuri sana, ila mchi huzalisha joto, kwa hiyo kazi igawanywe katika mafungu madogo. Kupeleka nyama ikasagwe na mashine ya bucha ni rahisi zaidi, lakini mashine isiyooshwa tangu jana ni kiota cha vijidudu vya jana.

Kukanda ndiko kunakoamua

Nyama iliyosagwa hutiwa vijiko vinne vya chakula vya maji ya barafu, kisha hukandwa kwa mkono kwa dakika mbili au tatu. Hatua hii ndiyo inayotofautisha soseji na nyama ya kusaga ya kawaida, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Mwanzoni mchanganyiko huwa umelegea na vipande vyake vinaachana. Baada ya muda huanza kunata na kuvutika kama unga wa chapati. Donge dogo likibandikwa katika kiganja na kiganja kikageuzwa chini lisianguke, gundi imepatikana. Mikono itauma kwa baridi, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Mikono isipouma, nyama imekwisha kupata joto.

Kabla ya kuendelea, kipande kimoja kikaangwe na kuonjwa. Kuonja mchanganyiko ukiwa mbichi, tabia waliyo nayo wapishi wengi wazoefu, ni hatari isiyo na sababu.

Kwa utumbo au bila utumbo

Soseji ya asubuhi haihitaji ngozi. Njia nyepesi ni kutengeneza vidonge bapa vyenye unene wa sentimita moja, vya gramu 50 kila kimoja. Kilo moja hutoa vidonge 20. Njia nyingine ni kuviringisha mchanganyiko ndani ya jani la mgomba lililolainishwa juu ya moto, kufunga ncha zake kwa uzi, kuupika kwa mvuke hadi uive, kisha kufungua jani na kukaanga soseji ili ipate rangi. Jani huacha harufu nzuri, na linapatikana bure.

Anayetaka umbo kamili atatumia utumbo mwembamba wa mbuzi au kondoo. Kusafisha utumbo si jambo geni kwa mtu anayejua kupika supu yake: hukamuliwa, husuuzwa kwa maji mengi, hugeuzwa ndani-nje kwa kijiti, ute wake hukwanguliwa taratibu kwa mgongo wa kisu hadi ubaki utando mwembamba unaopitisha mwanga, kisha hulowekwa katika maji ya chumvi na ndimu. Mchanganyiko husukumwa ndani kwa faneli yenye mdomo mpana, na hata shingo ya chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa na kuoshwa hufanya kazi hiyo. Utumbo usijazwe hadi kubana. Soseji iliyoshiba mno hupasuka.

Moto na kipimo chake

Soseji hukaangwa kwa moto wa wastani, katika mafuta kidogo sana, dakika nne hadi tano kila upande. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani kubichi, kosa la kawaida katika jiko la mkaa. Makaa yatandazwe na kikaango kiinuliwe.

Katikati ya soseji panapaswa kufikia nyuzi 71. Kipimajoto cha jikoni, kinachouzwa mijini, ndicho shahidi pekee wa kuaminika, kwa sababu nyama ya ng'ombe inaweza kugeuka rangi kabla ya kufikia joto hilo. Asiye na kipimajoto akate soseji iliyo nene kuliko zote. Ndani pawe pameshikamana, pasiwe na wekundu, na maji yanayotoka yawe meupe. Kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee, dakika mbili za ziada ni bora kuliko hisia za mpishi.

Huliwa na chapati, mihogo ya kuchemsha au mkate wa kumimina. Hapa inafaa kutaja afya bila kuficha. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba nyama iliyosindikwa husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa ugonjwa huo kwa asilimia 18. Soseji ya nyumbani haina naitraiti wala moshi, lakini bado ni nyama nyekundu yenye mafuta na chumvi. Vidonge viwili vina gramu moja na nusu ya chumvi, karibu theluthi ya gramu 5 ambazo shirika hilo linasema mtu mzima asizizidi kwa siku. Ni chakula cha Jumapili, si cha kila siku.

Kisichopaswa kujaribiwa

Soseji mbichi hukaa siku moja, au mbili kwa wingi, katika friji inayopoza vizuri. Zaidi ya hapo igandishwe, ikiwa imetenganishwa kwa karatasi ya plastiki, na iliwe ndani ya miezi miwili. Ikiyeyushwa iyeyushwe ndani ya friji, na isigandishwe tena.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama soseji hiyo inaweza kukaushwa juani au kutundikwa juu ya moshi wa jiko, kwa kuwa pwani imekausha samaki kwa karne nyingi. Jibu ni hapana, na sababu yake inafaa kueleweka.

Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa, akafunguliwa, akatiwa chumvi nyingi na kuanikwa. Jua na upepo humfikia kila mahali na unyevu wake hutoka upesi. Soseji ni kinyume chake. Imefungwa, imeshindiliwa, chumvi yake ni kidogo, na katikati yake kuna unyevu lakini hakuna hewa. Hali hiyo ndiyo inayopendwa na bakteria wa botulizimu, ambao hutoa sumu ya kupooza misuli hadi pumzi ikakatika.

Jina lenyewe la ugonjwa huo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Mwaka 1793, katika mji wa Wildbad kusini-magharibi mwa Ujerumani, watu 13 waliugua baada ya kula soseji moja na sita kati yao wakafa. Daktari Justinus Kerner, aliyekuwa pia mshairi, alichunguza vifo vya namna hiyo na kuchapisha maelezo yake mwaka 1820 na 1822. Bakteria mwenyewe alikuja kugunduliwa na Emile van Ermengem wa Ubelgiji baada ya watu kudhurika kwa paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi mwaka 1895. Viwanda hutumia naitraiti kumzuia. Kiasi chake hupimwa kwa mizani ya gramu na sehemu za gramu, kwa sababu naitraiti yenyewe ikizidi ni sumu, na kazi hiyo haifai kufanywa kwa kijiko cha chai.

Anayekusudia kutengeneza soseji za kuuza anaingia katika eneo jingine. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula, uliokuwa chini ya TFDA, umehamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na ndiko anakopaswa kuanzia kabla ya kununua mashine.

Kuhusu samaki, ambao ndio kitoweo cha asili cha Tingi na jirani zake, wengi wao hawana mafuta ya kutosha kutoa soseji ya namna hii. Nguru na jodari huweza kusagwa na kushikanishwa kwa chumvi na baridi kwa kanuni ileile, pamoja na vijiko viwili au vitatu vya tui zito badala ya mafuta, lakini hukaangwa palepale na kuliwa palepale, kwani samaki aliyesagwa hangoji hata chai ichemke mara ya pili.